Saumu ya Zuwena

Harufu ya karafumaiti niliijua kwanza Tabora, siku tuliyomzika babu, na kwa muda mrefu niliamini ina kazi moja tu duniani, kuoshea maiti. Ndiyo maana tuliposhuka garini mbele ya hekalu la Wahindi, mimi nikiwa na miaka tisa, na upepo wa moto ukaniletea harufu ile ile, nilimvuta mama nguo nikamwuliza ni nani aliyekufa. Mama alinifinya. "Hajafa mtu," alisema. "Tumemleta dada yako apone. Na humo ndani funga mdomo wako." Sikujua kwamba Wahindi huchoma karafumaiti mbele ya miungu yao kama sisi tunavyochoma ubani. Nilijua tu kwamba pua yangu haijapata kunidanganya.

Ilikuwa miaka ya tisini, mwaka wa nne tangu turudi Oman. Nasema kurudi kwa kufuata mazoea ya wakubwa, maana mimi na dada yangu Zuwena tulizaliwa Tabora, na mama vilevile. Mwenye cha kurudia alikuwa baba, ambaye babu yake alitoka Samad Ash Shan akiwa kijana. Huko Samad tulipewa vyumba viwili katika nyumba ya ukoo, nyuma ya mitende, mahali ambapo ungesikia maji ya falaji, mfereji wa kunyweshea mashamba, yakipita kutwa nzima. Majirani walituita Wazinjibari, ingawa Zanzibar tuliiona katika picha ya kalenda tu. Baba alipata kazi ya udereva katika ofisi moja ya serikali mjini Ibra. Mama alibaki na Kiarabu chake cha maneno hamsini. Zuwena, aliyekuwa na miaka kumi na sita, alikishika Kiarabu kwa mwaka mmoja akawa mwalimu wangu. Alipanga kokwa za tende juu ya mkeka zikawa herufi, na nikikosea alinirushia kokwa moja kichwani. Kila nilichokisoma baadaye, hata diploma yangu, kilianzia kwenye mkeka ule.

Kuanguka kulimwanza tukiwa huko huko Samad. Alikuwa akisimama na sinia mkononi, macho yanapanda juu, sinia linalia sakafuni, na yeye yuko chini anatetemeka, povu limemtoka mdomoni. Daktari alimpa vidonge vyeupe vya kumeza asubuhi na jioni. Vilimsaidia. Badala ya kuanguka kila wiki akawa anaanguka mara moja katika miezi miwili. Lakini hiyo mara moja ilitosha kumfukuzia wachumba, na wanawake waliokuja kutujulia hali hawakuacha kunong'ona kwamba binti ana mtu ndani yake. Mama alianza kuvitazama vile vidonge kwa jicho la hasira. "Vinamlaza tu aliye ndani," alisema. "Havimtoi."

Kwanza aliitwa mzee wa kusoma, mtu mwema, mnyenyekevu, asiyejua neno moja la Kiswahili. Alisoma Kurani juu ya kichwa cha Zuwena, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amezinduka, kisha akauliza kwa Kiarabu, "Wewe ni nani?" Zuwena akajibu kwa sauti ya usingizi, "Nataka chai ya tangawizi." Mzee akatoa kalamu akaandika. Alituambia kwamba majini ni wawili, wa kwanza Nataka, na wa pili, Tangawizi, ndiye mkubwa. Mama alificha uso ndani ya kanga, mabega yakimtikisika, na mzee alipotoka alicheka hadi akakaa chini.

"Usimcheke mzee wa watu," alisema baba.

"Huyo jini Tangawizi mimi ananishika kila asubuhi, Baba Zuwena. Mbona hujaniita msomaji?"

Hata Zuwena alicheka. Ninaikumbuka vizuri siku hiyo kwa sababu nyumba yetu haikucheka tena namna ile. Na kicheko hicho kilitugharimu, kwani tangu hapo mama hakuwa na imani na msomaji yeyote wa Samad. Alisema watu wasioijua lugha ya mtoto watamjuaje jini wake?

Aliyemwamini ni Ramesh, fundi cherehani wa Kihindi aliyetushonea nguo. Kiarabu chake kilikuwa kibovu kama cha mama, kibovu kwa namna ile ile, ndiyo maana walielewana. Yeye alimsimulia habari za hekalu moja karibu na kwao ambako mdogo wake wa kike alipelekwa amefungwa kamba akarudi anatembea mwenyewe. Hata Waislamu huenda, alisema. Baba alikataa kwa wiki tatu. Wiki ya nne Zuwena aliangukia jiko, akaungua shavu, na baba akaenda kuomba likizo. Watu wote waliambiwa tunakwenda Bombay hospitali. Ramesh, aliyekuwa anakwenda kwao mapumziko, akawa kiongozi wetu.

Huko India baba alitufikisha mlangoni pa hekalu akakaa kwenye benchi, tasbihi mkononi. "Mimi humo siingii," alisema. "Nitakusubirini hapa."

Ndani kulikuwa na joto, moshi na kengele zisizopumzika. Mbali kabisa, nyuma ya vichwa vya watu, niliona sanamu lililopakwa rangi ya machungwa, lenye macho ya fedha. Wanawake wenye sari nzuri walikuwa wamefumua nywele wakizungusha vichwa mpaka nikahisi shingo yangu ndiyo inayouma. Mwanamume mmoja alilala chali na jiwe juu ya tumbo. Wengine walifungwa minyororo miguuni na ndugu zao, na ndugu hao hao waliwapepea kwa magazeti, kwa huruma. Ramesh alitueleza kwamba hapa ni kama mahakamani: jini analetwa mbele, anaulizwa kosa lake, anakiri, anaondoka. Tangu jana yake alikuwa ametupa masharti mawili. Mgonjwa afunge saumu siku hiyo, tangu alfajiri. Na wakati wa kutoka mtu asigeuke nyuma, hata akiitwa kwa jina, maana anayeita siye unayemdhania.

Ramesh alisema saumu, kwa Kiarabu, na mama akasikia saumu. Vidonge havikumezwa wala tone la maji halikupita kooni mwa Zuwena, kama Ramadhani, katika joto ambalo sijaliona hata Samad.

Baada ya saa sita mchana midomo yake ilikuwa imepasuka. Alikaa ameegemea ukuta, akasema polepole, "Maji." Kikongwe mmoja wa Kihindi aliyekaa karibu aligeuka kama aliyeitwa. Akamjia, akampapasa kichwa, akamsemesha kwa upole kwa lugha yao, kisha akanyanyua kikombe cha shaba chenye maji akamwekea mdomoni. Mama alikidaka kikombe. "Ana saumu," alimwambia Ramesh.

Ramesh alikuwa anatabasamu. "Amemwita mama," alisema. "Kwetu ukimheshimu mama unamwita maji."

Nikaona uso wa mama ukibadilika. "Umesikia, Raya? Huyo anasema Kihindi. Ametokeza."

"Mama, anataka maji."

"Nyamaza. Siye yeye anayesema."

Mama aliyemcheka mzee wa Samad ndiye aliyesema hivyo, na Kiswahili ni lugha aliyonyonya yeye mwenyewe. Katika mkoba wangu wa shule nilikuwa na chupa ya maji, imefika nusu, ya moto. Niliishika kwa nje ya kitambaa nikaiacha.

Alasiri Ramesh alisema tunaweza kutoka. Nilitangulia mimi, nyuma yangu mama na Ramesh wakimshika Zuwena kwapani. Tulipofika katikati ya ua nikasikia, kwa sauti ile ile iliyonifundisha herufi, "Raya. Maji." Sikugeuka. Nikasikia kitu kizito kikianguka, na mama akipiga ukelele. Sikugeuka. Nilitembea hadi nje, na yaliyokuwa nyuma yangu niliyaona usoni mwa baba alipoinuka kwenye benchi na tasbihi ikamdondoka.

Zuwena hakuzinduka. Alitetemeka njia nzima hadi hospitali ya mji, akafa kabla ya magharibi. Wanawake Waislamu wa mji ule walimwosha kwa karafumaiti, nasi tukamzika huko. Samad tulisema amefia Bombay, na baba aliondoka duniani bila kusema vingine.

Chuoni nilisoma na msichana wa Kihindi ambaye siku moja alinywa maji mbele yangu huku akiniambia amefunga. Kwao, alisema, saumu ni kuacha nafaka na vyakula vya kupika. Maji na maziwa ruhusa. Nilitoka darasani. Diploma yangu ya maabara ilinifundisha yaliyobaki: dawa ya kifafa haikatishwi ghafla, na mwili uliokauka katika joto hauna pa kushika. Kikombe kile kilikuwa halali tangu mwanzo, na fundi hakuwa na kosa.

Leo nina kiwanda cha maji ya kunywa, nimekianzisha mwenyewe, sikurithi wala sikubebwa. Magari yangu yanafika mji wa Adam upande huu na Jalan Bani Bu Hassan upande ule, na waliotuita Wazinjibari wananipigia simu wenyewe kuagiza. Najivunia, na sioni sababu ya kuficha. Mama yuko nyumbani kwangu, hainuki tena kitandani. Kiarabu chake kimempotea, amebaki na Kiswahili, na siku nyingine anazungumza na Zuwena. Wasichana wanaomtunza wanatoka India, wanakuja na kuondoka, na kila mmoja hushangaa nikimwambia kwamba neno maji kwetu maana yake si mama. Nawafundisha siku ya kwanza, kabla sijawaonyesha jiko: akisema maji, awe macho au usingizini, usiulize anayesema ni nani. Mpe anywe.