Nilipaka maghorofa bila mkanda, sasa nafungwa leso sebuleni

Wakuu, niaje. Sijaongeza chumvi hapa. Mahali najiaibisha, niacheni tu nijiaibishe.

Mimi ni fundi wa rangi, naishi Tassia, hapa Nairobi. Miaka kumi na tisa nimepaka kuta za nje za haya maflati, nimesimama juu ya ubao ghorofa ya sita, bila mkanda wa usalama. Mwenzangu akija site amejifunga, nilikuwa namwita bibi harusi.

Mwaka jana stroke ikanipata. Si juu ya ubao. Nilikuwa nimekaa kwa kiti, nakula chapati.

Maneno yalirudi. Mkono ukarudi nusu. Mguu wa kushoto ulikuwepo, lakini haukuwa unapokea maagizo.

Fizio, dada mmoja mpole wa mazoezi ya viungo pale hospitali, akaniambia, "Mzee, leo tunajifunza kusimama."

Nikacheka. Mimi, nifunzwe kusimama? Akaniachilia sekunde mbili. Nikaenda upande kama gunia, akanidaka.

Basi akamwonyesha mke wangu, Zuhura, jinsi ya kunifunga leso kiunoni na kuishika kwa nyuma nikifanya mazoezi nyumbani. Kuhamisha uzito mguu huu hadi ule. Kutembea kisigino kikigusa vidole vya mguu mwingine. Kusimama mguu mmoja kando ya sinki.

Ndiyo, wakuu. Mkanda. Sebuleni. Tena wa maua.

Wiki ya tatu nikachoka kushikwa. Zuhura akashuka dukani kununua maziwa. Nikajiambia, sinki si hii hapa? Nikainua mguu mzima, nikauachia ule wa kushoto kazi yote.

Chini.

Kichwa kilikosa kona ya meza kwa upana wa vidole. Nikajaribu kuinuka, wapi. Nikabaki naangalia dari, naona aliyeipaka aliacha madoa. Halafu nikaanza kulia, kwa sababu nilijua siwezi kupanda kuyatoa.

Zuhura aliporudi hakupiga kelele. Aliweka maziwa chini, akakaa sakafuni kando yangu.

"Ungekufa leo ningeambia watu nini? Ghorofa sita zilimshinda kumuua, akauawa na sinki?"

"Ungesema ni stroke."

"Stroke ilikuachilia, Baba Salma. Hii ni kichwa ngumu."

Tukacheka mpaka yeye naye akalia.

Tangu hiyo siku leso ni asubuhi na jioni, sibishani. Nilichojifunza ni kwamba kushikwa hakujanivunja mfupa wowote. Ujuaji ndio ulikaribia. Kama una mgonjwa, asijaribu peke yake, hata akiapa.

Ijumaa iliyopita nilivaa suruali nimesimama. Mguu mmoja, halafu wa pili. Zuhura ameshika leso kwa vidole viwili tu. Nikageuka, kifua mbele, nikamuuliza kama ameona.

"Nimeona," akasema. "Umeivaa nyuma mbele."

Mwenye mtu nyumbani anayejifunza kusimama upya, aandike hapa amefikia wapi. Hata kama ni sekunde mbili. Mimi siwezi kucheka mtu tena.