Mwezi Mzuri wa Kuiona Bahari

Dada yangu kazini walimwita kwa jina la Kalenda, na jina hilo alilipata kwa haki. Ni mpokezi wa nyumba ya wageni yenye vyumba kumi na vinne, hatua chache kutoka ufukweni. Nyuma ya meza yake hutundikwa kalenda kubwa ambayo duka moja la rangi huwagawia wateja kila mwisho wa mwaka. Kila asubuhi, kabla hajafungua daftari la wageni, alitoka kibarazani akaitazama bahari, kisha akarudi kuitia alama tarehe ya siku hiyo. Bluu ilimaanisha maji safi na upepo mdogo. Nyekundu, mvua. Nyeusi, mwani umejaa ufukweni na unanuka. Kalenda zilizokwisha alizikunja akaziweka juu ya kabati, na zilishafika kumi na tano.

Kwa hiyo mtu alipopiga simu kuuliza aje lini, dada hakubahatisha.

"Njooni wiki ya pili ya mwezi wa tisa," alisema. "Mkija mwezi wa tano mtakaa ndani mnaangaliana."

Walikuja, wakaikuta bahari kama alivyowaahidi, wakaondoka wakimshukuru kana kwamba ameitengeneza yeye. Meneja alipenda kumtania: "Kalenda, leo ikinyesha utaenda kuwaomba radhi wageni mlango kwa mlango." Haikunyesha.

Ni mgeni mmoja tu aliyekosa tarehe, naye ni mama yetu.

Mama alikuwa fundi cherehani wa sare za shule. Mimi ndiye niliyebaki naye. Mji wetu uko mbali na maji, safari ya basi ya siku nzima, na ninafundisha shule iliyo mitaa miwili kutoka nyumbani. Kwa miaka thelathini na mitano alishona mashati na sketi za watoto wa watu katika chumba cha mbele, na bahari hakuwahi kuiona. Alipoanza kupunguza kazi akasema ana hamu ya kitu kimoja. "Nikaione hiyo bahari inayomzuia binti yangu kuja nyumbani."

Mwaka wa kwanza dada alisema mwani umejaa. Mwaka wa pili vyumba vyote vilikuwa na watu, na dada, anayelala chumba kimoja nyuma ya jiko, hakutaka mama alale kwa kubanana. Mwaka wa tatu mvua zilichelewa kuisha. Kila mara alieleza kwa upole na kwa kirefu, kama anavyowaeleza wageni, na mama akanirudishia simu akicheka.

"Bahari ya dada yako ina ratiba kama ya waziri."

Mwaka wa nne nilianza kuona mambo bila kuyaelewa. Saa sita mchana, jua likiwa kali dirishani, mama alitunga uzi kwenye sindano kumi akazichomeka kwenye pazia kwa mstari, zimtoshe hadi jioni. Nilimsifu kwa mpangilio wake. Sikujiuliza kwa nini fundi wa miaka yote ile ahitaji jua la saa sita ili atunge sindano. Nilishtuka siku mzazi mmoja aliporudisha shati lenye mikono miwili ya kushoto.

Daktari wa macho alisema ni presha ya macho, na imekwenda mbali. Kilichopotea hakirudi. Kilichobaki tujaribu kukilinda kwa dawa ya matone. Mama alipotoka kukaa kwenye benchi nje, nilimuuliza daktari kuhusu safari ya baharini.

"Mpeleke mapema," alisema.

Ulikuwa mwezi wa tano. Nilimpigia dada nikiwa bado kwenye ngazi za hospitali.

"Mwezi wa tano?" Dada alishusha sauti. "Mdogo wangu, wewe hujaiona hii bahari ilivyo sasa hivi. Ni tope tupu. Mawimbi yanapiga mpaka ukutani, mvua haikatiki. Unataka hiyo ndiyo picha atakayobaki nayo?"

"Daktari kasema mapema, dada."

"Miezi minne tu. Mwezi wa tisa nampa chumba namba tatu, chenye dirisha linalotazama maji. Nakiandika sasa hivi. Mwache aione ikiwa nzuri."

Ningeweza kubisha. Sikubisha, kwa sababu nami nilitaka aione ikiwa nzuri. Tulikubaliana kama watu wanaomfichia mtu zawadi, na nakumbuka kwamba nilishuka zile ngazi nikiwa na furaha.

Macho ya mama hayakungoja. Mwezi wa saba hakuuona tena mlango wa jirani. Mwezi wa nane alibakiwa na mwanga tu, kama wa taa iliyo nyuma ya blanketi. Nilimwambia tuahirishe.

"Nimengoja miaka yote hii, leo ndiyo unaniambia nisiende? Miguu yangu haijapofuka."

Dada alitupokea kituo cha basi. "Shikamoo, mama." Mama alimpapasa uso kwanza, ndipo akaitikia. "Marahaba. Mbona umekonda hivi? Kumbe kalenda hazishibishi?" Dada alicheka, kisha akageukia ukutani akajifuta macho kwa mkono wa blauzi.

Asubuhi yake tulimshika mama mikono, mmoja huku mmoja kule, tukashuka naye ufukweni. Sijui kama katika kalenda zote kumi na tano kulikuwa na siku ya bluu kama ile. Hapakuwa na upepo wala wingu. Maji yalikuwa yamekupwa mbali, yametulia kama yaliyotekwa kwenye beseni. Tukasimama.

"Haya, twendeni," mama akasema.

"Tumeshafika, mama," dada akajibu.

Mama aligeuza kichwa kushoto, akakigeuza kulia. "Iko wapi?"

"Mbele yako."

"Mbona kimya?"

Dada akaanza kueleza haraka haraka, kwa sauti yake ya mapokezi, kwamba maji ni ya bluu, yanang'aa, mchanga wa chini unaonekana.

"Bluu ipi?" mama akauliza. "Bluu ziko nyingi."

Mimi nikasema, "Ya zile sketi za shule ya karibu na soko, mama. Zikishafuliwa muhula mmoja."

"Ahaa." Akatikisa kichwa taratibu. "Kitambaa kizuri kile." Akasikiliza tena. "Lakini jamani, mimi nilijua inanguruma. Hapa ni kama nimeletwa uwanja wa mpira siku isiyo na mechi."

"Huwa inanguruma," dada alisema.

"Mwezi gani?"

"Mwezi wa tano."

"Mwezi wa tano nilikuwa bado nauona mlango wa jirani," mama alisema. Hakusema kwa lawama. Alisema kama mtu anayejaribu kukumbuka kitu alikiacha wapi. "Hata rangi yake nilikuwa naiona."

Dada aliketi pale pale, kwenye mchanga wenye maji, na sketi yake ya kazi.

Nilirudi peke yangu. Dada alimwomba mama abaki mpaka mvua, bahari itakapoanza kunguruma, naye akakubali. Chumba namba tatu kilikuwa na wageni wengine waliokuwa njiani, kwa hiyo wanalala wawili kwenye kitanda kimoja nyuma ya jiko, wamebanana. Meneja ananiambia kalenda ya mwaka huu iliishia siku ile, kuanzia hapo ni miraba mitupu. Mtu akipiga simu kuuliza aje lini, dada anamuuliza, "Wewe unaweza lini?"

Nyumbani nilishusha pazia la chumba cha mbele ili nilifue. Sindano mbili zilikuwa bado zimechomekwa pale, na uzi wake. Nikalirudisha bila kulifua.

Tunazungumza kila Jumapili. Dada anasema mama huamka mapema kumzidi, hukaa kitandani, na kabla hata ya salamu huuliza, "Imeanza?"

"Bado, mama."

"Haya. Tuisubiri."