Mashudu ya Ulemo

Baba alipofariki, mashine yake ya kukamua alizeti pale Ulemo ilibaki mikononi mwangu. Tumezaliwa wawili tu, na kaka yangu ni mtawa wa Kifransisko. Kwenye kikao cha ukoo aliambiwa aseme sehemu yake. Akajibu, "Nimeweka nadhiri. Similiki kitu." Wazee wakanigeukia. Mimi nilikuwa natazama ukuta.

Sikulia msibani, wala baadaye. Asubuhi nawasha mashine, jioni nazima. Enzi za baba, mwanamke akileta alizeti alilipa ada ya kukamua, akaondoka na mafuta yake pamoja na mashudu, yale makapi yanayobaki, akalishe kuku na mbuzi. Mnunuzi wa chakula cha mifugo alipokuja kutoka Singida mjini akitaka mashudu yote, nikakubali, nikaanza kuyazuia yabaki mashineni. Wanawake walinung'unika, wakanyamaza.

Kaka alikuja likizo akakuta banda limejaa magunia ya mashudu.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Haya ni ya nani?"

"Ya mashine."

"Kwani mashine ndiyo iliyolima?"

Akakaa juu ya gunia. "Sisi tunafundishwa kwamba ulicho nacho umeazimwa tu, mpaka atokee anayekihitaji kuliko wewe. Ukimnyima, umemwibia."

"Kwa hiyo mimi mwizi."

"Ndiyo, mdogo wangu."

Neno hilo lilipaswa kuniuma. Halikuniuma. Nikamwambia, "Kwako ni rahisi. Wewe unapikiwa."

"Ni kweli," akasema. "Hata nauli ya kuja kumzika baba niliomba."

Kesho yake lori la mnunuzi lilipofika, nilimwambia dereva arudi. Akauliza kama nimepata bei nzuri kwingine. Nikasema hapana. Mpaka leo sijui vizuri kwa nini nilifanya vile. Kaka hakuwa amenishinda kwa hoja.

Wanawake waliitwa, banda likafunguliwa, kaka akawa anawajazia kwa debe, kanzu yake imechafuka hadi magotini. Mjane mmoja anayelea wajukuu alinishika mkono, akaniambia kwa Kinyiramba kwamba kweli mimi ni mtoto wa baba yangu. Niliitikia kwa heshima. Nikasubiri nisikie kitu moyoni, furaha au hata majuto ya biashara iliyoondoka. Hakikuja. Vumbi la mashudu lilikuwa limenijaa puani, nikaenda kunawa uso.