Fundi Anayewatenganisha Wagonjwa

Saa moja asubuhi, foleni ya mapokezi bado haijachangamka, fundi wa kompyuta wa hospitali ya wilaya yuko kwenye simu.

"Shikamoo mama. Samahani kwa swali. Umewahi kukatwa mguu?"

"Marahaba. Mguu? Mwanangu, yangu yote miwili ninayo! Nani kakwambia?"

Kompyuta ndiyo iliyomwambia. Anaomba radhi, anaufuta mguu uliokatwa kwenye faili la mama huyo, kisha anaanza kumtafuta mwenye mguu.

Hapa, mzee asiyejua siku aliyozaliwa huandikiwa Januari mosi, na mwaka wa kukisia. Ndio mtindo wa makarani. Mwaka jana, wakaguzi wakiwa njiani, mkurugenzi aliagiza mafaili yanayofanana jina na tarehe yaunganishwe, yaonekane safi.

"Nilimwambia, bosi, hawa ni watu tofauti," anasema fundi. "Akanijibu, 'Mashine ina akili kuliko wewe. Bonyeza.' Nikabonyeza."

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Yeye alilisikia, wakaumia wengine.

Wa kwanza alikuwa shangazi yake, aliyemlea tangu utotoni. Faili lake lilimezwa na la mwanamke mwingine, na tahadhari kwamba penisilini inamdhuru ikapotea. Siku aliyoletwa na homa, hajiwezi hata kusema, muuguzi alisoma kwenye skrini, hakuona kitu, akamchoma penisilini. Koo likavimba. Aliponea chupuchupu.

Wakaguzi walisifu. Mkurugenzi alipewa ngao, ipo ukutani kwake. Fundi akapewa onyo kali kwa yaliyompata shangazi. Inauma, na hakuna namna ya kuipamba.

"Kuunganisha ni kubonyeza mara moja," anasema. "Kutenganisha hakuna kitufe."

Ndiyo maana anapiga simu, mgonjwa mmoja mmoja, kwa vocha ya mfukoni mwake.

Shangazi bado anatibiwa hapo, hana kwingine. Lakini haji bila kipande cha boksi alichokifunga kamba shingoni: MSINICHOME PENISILINI.

"Nilimlea, akanifuta," anasema, na mtoto huyo wa kaka yake amesimama palepale.

Fundi anataka kitufe kile kisibonyezwe tena bila fundi kuridhia. Na anataka jambo moja zaidi.

"Siku shangazi atakapokiacha kile kiboksi nyumbani, nitajua nimemaliza kazi."

Shangazi anakishika kifuani.

"Mwambieni nitazikwa nacho."