Msimu Shangazi Alipofungwa

Harufu ya dizeli ilitufikia kijijini Hirbadaw kabla hatujayaona matrekta yenyewe. Upepo uliileta ikiwa imechanganyika na udongo mbichi uliopinduliwa. Kabla ya hapo shangazi Udamuhale, dada yake baba, alikuwa akitembea kutwa. Aliugua akili. Alizungumza na watu ambao sisi hatukuwaona, akaingia boma lolote lililokuwa njiani, akapewa maziwa, na giza likimkuta akalazwa hapo hapo. Uwanda mzima ulimjua. Sisi watoto hatukufahamu kwamba huko ndiko kutunzwa.

Ngano ya serikali ilipopandwa, maboma mengi yalihama kufuata malisho. Sisi tulibaki. Shangazi aliendelea kwenda alikozoea, akitafuta nyumba zisizokuwepo tena, na akichoka alilala katikati ya ngano. Walinzi wa shamba walimrudisha, tena na tena. Mwisho wakamwambia baba kwamba wakati wa kuvuna mashine ingempitia kabla hajaonekana. Kesho yake baba alimfunga mguu kwa kamba ya ngozi kwenye nguzo ya nyumba. Mimi nilipewa kazi ya kumpelekea maji. Niliyaweka chini, nikaondoka. Sikumbuki kulia. Shangazi naye akanyamaza, hata na wale watu wake hakusema nao tena. Mazoea yana taabu; baada ya muda tuliiruka kamba ile kama tunavyoruka kizingiti.

Kisha akaja Mama Paulina kununua maziwa. Alikuwa Mwiraqw kutoka Masieda, mke wa dereva wa trekta. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia huku anaitazama kamba.

“Mzee, huyu mama amekosa nini?”

“Hajakosa,” baba alisema. “Shamba litamuua.”

“Basi nipe mimi. Nikienda kuchuma mboga niko naye, nikienda kuteka maji niko naye. Jioni namrudisha.”

“Atakutoroka.”

“Nitamfuata. Miguu ninayo.”

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Baba akainamia fundo. Lilikuwa limekaza, ikabidi alikate kwa kisu.

Msimu ule waliongozana kila siku, mmoja akisema Kiiraqw, mwingine Kibarbaig chetu, kila mmoja na habari zake. Mama Paulina alipougua, wanawake wenzake wa kambi ya wafanyakazi walimchukua shangazi kwa zamu. Mavuno yakapita, naye mzima. Alifariki miaka mingi baadaye, kwa homa, bila kufungwa tena.

Sasa mwanangu wa pili ana ugonjwa kama ule. Kila mwezi tunakwenda kliniki, anapewa dawa, analala usingizi. Shangazi hakuwahi kupata hata kidonge kimoja, kwa hiyo sisemi zamani ilikuwa bora. Lakini tangu mwanangu aanze kuugua hakuna jirani aliyebisha hodi kusema leo atakaa naye, wala mimi sijaenda kumwomba yeyote. Siku za mnada namwacha ndani, nafunga mlango kwa nje, nanunua ninachohitaji, narudi upesi.