Jengo Lisilo na Mtu

Jamani, mnisamehe kukaa kimya miezi miwili. Mtoto alikuwa anaota meno.

Leo nimekaribia kunyang'anywa kamera, na ndiyo inayotulisha.

Nilikuwa mtaa wa Muhima, mtoto mgongoni, napiga picha ghorofa jipya kwa kazi niliyopewa na fundi aliyelijenga. Bwana mmoja asiye na haraka akanisogelea, akashika mkanda wa kamera.

“Mama, pale mbele hakuna mtu. Picha ya nini hiyo? Nani amekutuma?”

“Basi kasimame wewe,” nikamwambia.

Akaenda kusimama, akafunga kifungo cha kola, akatabasamu! Nilipomaliza, akasema, “Nitaifuata kwako. Unakaa wapi?”

Nikamtajia mtaa wa Kagarama. Mnajua nakaa Rebero. Ninyi mngesemaje?

Kwa anayeweza kusaidia, bado nahitaji filamu mbili za rangi nyeusi na nyeupe, dawa ya kusafishia picha, na kitenge kipana cha kufunika mtoto na kamera pamoja.