Reli za Hezron Zilivyong'aa

Wewe unayepaka grisi mpya juu ya uchafu wa jana, halafu unapiga picha mashine inang'aa, unanichosha. Na wala si wewe uliyeanza. Alianza Hezron wa kijiji cha Ibaba, enzi za Mwingereza.

Hezron alikuwa mpakaji grisi kwenye kiwanda cha kupasua mbao. Kazi yenyewe hii: gogo linafungwa juu ya kigari, kigari kinakimbia kwenye reli mbili mpaka kwenye msumeno, kinarudi. Reli zikiwa safi na zina mafuta kiasi, mbao inatoka imenyooka. Basi. Ila Hezron alitembea na kopo lake utadhani kiwanda cha baba yake. Kwao bibi harusi alipakwa mafuta ya nyonyo mpaka nzi ateleze, naye akaamini hata mashine ni bibi harusi. Kufuta aliona ni kazi ya watu wasio na kopo.

Waumini wakawa wanajenga kanisa. Boriti ya paa ilitaka mti mrefu, na uliobaki wa urefu ule ulikuwa mmoja tu, shambani kwa marehemu baba yake Ikupa, mke wa Hezron. Ikupa akautoa. Ukiharibika huo, hakuna mwingine.

Hezron akataka ukoo mzima wa mke uone mkono wake. Asubuhi ya kupasua, ukoo na mchungaji wamekuja kutazama, akamaliza kopo lote kwenye reli.

Gwakisa, kaka yake Ikupa, ndiye aliyesimamia msumeno. Akachovya kidole kwenye reli, kikatoka na unga wa mbao na mchanga.

"Shemeji, futa kwanza hii. Imeshakuwa uji."

"Bibi harusi hafutwi siku ya harusi," Hezron akamjibu.

Watu wakacheka. Gwakisa akaona haya kubishana mbele ya mchungaji, akawasha msumeno. Mjinga wa pili huyo.

Kigari kikaanza vizuri. Katikati gurudumu likapanda juu ya ule uji ulioshindiliwa, kigari kikalala upande, msumeno ukalitafuna gogo kombo. Boriti ikatoka nene huku, kule mkia wa panya.

Hezron akadai mti ulikuwa na fundo. Ikupa hakuangalia mti, aliangalia reli.

"Bibi harusi wako kaula mti wa baba yangu," akasema, akaondoka.

Wakakata kipande kilichofaa, kanisa likajengwa fupi, watu wote hawakuenea. Waliochelewa ibada walisimama nje, mvuani, na Hezron alikuwa mchelewaji sugu. Akazeekea pale nje, analaumu fundo.

Nakuomba kitu kimoja: kabla hujafungua kopo, shika tambara, ufute. Picha utapiga baadaye.